Mstari Mmoja wa Fomu ya Klabu

Sogeeni karibu. Mwenye hamu ya kubisha ajizuie kidogo, maana mwisho nitamhitaji.

Katika mji mmoja mdogo wa mkonge kulikuwa na klabu ya tenisi yenye uwanja mmoja, wachezaji kumi na wanane na kamati ya watu kumi na mmoja. Klabuni hapo walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Mwanjaa, fundi wa kushona maturubai ya malori, alijaliwa mkono. Mpira aliouanzisha yeye ulivuka wavu na hasira za wiki nzima.

Mwalimu Singano wa shule ya msingi alijaliwa miguu. Wenzake walisema ukiupiga mpira ukaangukia sokoni, ataufuata na kuurudisha pamoja na chenji.

Semboja, mtunza uwanja, hata raketi hakujua kuishika. Yeye alijaliwa kuujua udongo. Uwanja ule ulikuwa wa udongo wa kichuguu, ulioshindiliwa tangu enzi za mameneja wa mkonge, na Semboja aliweza kuukanyaga kwa kisigino akakuambia utakauka saa ngapi.

Mwaka huo mwenye duka la pembejeo alitoa laki sita kwa bingwa. Kamati ikashukuru, ikakaa vikao vitatu, ikatunga kanuni kumi na nne. Zawadi ikikosa mwenyewe, zilisema, itaingia Mfuko wa Maendeleo. Mwaka juzi ilikosa mwenyewe, na maendeleo yakaonekana: viti vipya vya kamati, vyenye mito.

Wakaingia fainali Mwanjaa na Singano, Jumapili saa nne asubuhi. Jumamosi jioni mvua ikanyesha kama iliyotumwa.

Alfajiri Semboja alikuta bwawa. Katibu wa klabu, Bwana Kaniki, alikuwa amekwisha kufika, mwavuli wazi ingawa mvua ilikwisha kukatika.

"Kanuni ya nne," alisema. "Saa tatu nakagua. Nikikuta maji, hakuna fainali."

"Nipe fedha ya udongo mkavu, Katibu."

"Udongo tutaujadili kikao kijacho."

Semboja hakungoja kikao. Alikamua maji kwa magunia. Nyuma ya nyumba yake lilikuwapo lundo la udongo wa kichuguu, alilolifunika kwa mabati miezi miwili akisubiri kukikandika chumba cha mama yake. Akalibeba lote kwa toroli, safari kumi na tisa. Akamwaga, akashindilia, akachora mistari upya kwa chokaa. Saa tatu Katibu alizunguka uwanja mara mbili akitafuta tope, asipate hata la kuchafulia kiatu.

Singano alikuwapo tayari, kwa sababu alikuja mapema kusukuma roli la kushindilia udongo. Ilipofika saa tatu na dakika arobaini na tano, Katibu akamletea kalamu.

"Hongera, Mwalimu. Umeshinda. Tia saini."

"Nimemshinda nani?"

"Kanuni ya tisa. Mpinzani kachelewa dakika kumi na tano."

"Mpinzani kaambiwa saa nne!"

"Tulibadilisha ikawa saa tatu na nusu. Tangazo lipo."

"Lipo wapi?"

"Dirishani, ofisini."

Lilikuwapo kweli. Lilibandikwa kwa ndani, maandishi yakilitazama kabati. Jamani, mimi nimesoma matangazo mengi ya serikali na ya vyama, lakini tangazo la kulisomea kabati nililiona hapo tu.

Singano akaketi juu ya mstari wa nyuma, akanyoosha miguu. "Namsubiri. Ningetaka kupewa bila kucheza, ningegombea ujumbe wa kamati."

Mwanjaa aliwasili saa nne kasoro dakika tano, mkoba wa kazi begani, akaambiwa ameshindwa.

"Nimeshindwa nikiwa barabarani?"

"Dada, usimjibu huyo," Singano alimwita. "Ingia tucheze."

Wala msidhani Mwalimu alimhurumia. Alichukua seti ya kwanza sita kwa mbili. Ya pili Mwanjaa akaichukua kwa taabu. Katika ya tatu, akiwa nyuma tano kwa mbili, nyuzi za raketi yake zikakatika, na nyingine hakuwa nayo. Akafungua mkoba, akatoa uzi wa nailoni wa maturubai na sindano yake nene, akashona. Katibu alipekua kanuni zote kumi na nne akiutafuta uzi, hakuukuta. Mwanjaa akarudi uwanjani na raketi yenye kiraka, akashinda gemu tano mfululizo.

Watu wakapiga vigelegele. Katibu akaleta fomu.

Fomu ilikuwa na mstari mmoja: *Jina la aliyestahili zawadi*, pasipo kusema lazima awe mchezaji. Chini yake, saini tatu za kutokuwa na pingamizi: za wachezaji wote wawili na ya mtunza uwanja. "Kwa ubao wa matokeo, bingwa ni Mwanjaa," alisema Katibu. "Kwa kanuni ya tisa, ni Mwalimu. Kamati haina upande. Kubalianeni jina moja kabla ya kesho saa sita mchana. Msipokubaliana, Mfuko."

Mtaniambia wagawane. Kanuni ya kumi na nne: kugawana zawadi na mpinzani au mtunza uwanja ni kupanga matokeo, na fedha yote huingia Mfuko. Naam, mtu aliyekataa kupewa ushindi wa bure ndiye aliyewekewa kanuni ya wizi.

Jumatatu walikuwa barazani mwa ofisi, fomu mezani.

"Nimeshinda mimi," alisema Mwanjaa. "Seti mbili kwa moja, mji mzima umeona."

"Umeshinda mechi niliyokupa mimi, dada. Ningesaini jana, saa hizi ningekuwa dukani nachagua baiskeli."

"Nyote wawili," alisema Semboja, "mlicheza juu ya chumba cha mama yangu."

Mwanjaa akasema, "Pole, kaka. Lakini anayefagia ukumbi wa harusi huondoka na bibi harusi?"

"Sikufagia. Bila mimi harusi yenyewe haikuwapo."

"Na bila mimi bibi harusi hakuwapo," alisema Singano.

"Na bila mimi," alisema Mwanjaa, "mngekuwa mmekaa hapa mkitazamana na kanuni."

Sasa ni saa sita kasoro dakika tano. Kuhusu Kamati msiniambie kitu, hiyo tumekwisha kuijua. Mimi nauliza hili: kalamu ni moja, mstari ni mmoja, na yeyote kati ya hawa watatu asingekuwapo, fainali isingechezwa. Ingekuwa wewe, ungeandika jina la nani? Sema upesi. Katibu keshaketi, na mgongo keshauegemeza kwenye mto.