Jina la Binti wa Sekiete

Hapo zamani, wakati kila ukoo wa mlimani ulikuwa na bwawa lake na kila bwawa lilikuwa na mlinzi wake, aliishi mtu aitwaye Sekiete. Nawasimulia habari zake kwa sababu natafuta jibu, na jibu hilo mimi sinalo. Sikilizeni vizuri, mwisho nitawauliza.

Watu wa kule bwawa hilo waliliita ndiva. Lilijengwa kwa mawe na udongo, lilizibwa kila jioni ili lijae, likazibuliwa kila asubuhi ili maji yashuke kwa mfereji hadi mashambani. Kuziba na kuzibua, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Sekiete. Ukiitazama utasema ni kazi ndogo, lakini kaya thelathini zilikula kwa mkono wake.

Sekiete alikuwa mtu mwema, na Sekiete alikuwa mlevi. Akinywa pombe ya miwa hakupiga mtu, hakutukana mtu. Alilala tu. Alilala njiani, alilala kwenye maharage ya watu, alilala msibani watu wakiwa wanalia. Na kila alipolala, mkewe Nakijwa alikwenda kumbeba.

Ukaja mwaka wa mvua nyingi. Ndiva ikajaa, ikafura. Asubuhi moja jua lilichomoza na Sekiete hakuonekana. Alikuwa kitandani na pombe ya jana kichwani. Ukingo ukapasuka, maji yakashuka yote kwa mara moja. Yalichukua maharage ya kaya nane. Yaliangusha nyumba ya bibi mmoja kipofu, wakamtoa kwenye tope akiwa hai, mguu umevunjika.

Ukoo ukakaa, ukamwondoa Sekiete kwenye ulinzi. Hawakumpiga. Walisema tu, "Mtu huyu hatumkabidhi hata mtungi."

Siku hiyohiyo Nakijwa alikunja mkeka wake. Alimwambia mumewe, "Nimekubeba miaka sita. Sasa mgongo umekataa. Ukimaliza mwezi mzima bila tone, nitumie mtu." Akarudi kwao.

Nakijwa alipotoka, aliingia Namkunda, dada yake Sekiete wa tumbo moja. Alifunga mlango, akakaa na kaka yake siku saba. Sekiete alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Alitapika. Aliona siafu ukutani ambao hakuna mwingine aliyewaona, na Namkunda alichukua ufagio akawafagia, ili kaka yake apate kulala. Alimlisha uji kijiko kwa kijiko, alimfulia, alimgeuza.

Siku ya nne wakaja wageni kutoka bonde la pili. Walikuwa watu wa mchumba wa Namkunda, wamekuja kumaliza maneno ya posa. Namkunda alitoa kichwa mlangoni akasema, "Naomba mrudi wiki ijayo. Kaka yangu anaumwa." Wakaondoka, hawakurudi. Hata mavuno hayajafika, yule mchumba alikuwa ameoa kwingine.

Siku ya nane Sekiete alisimama. Na siku hiyo, alasiri, akaja mtu wa tatu.

Huyo aliitwa Nietiwe, mjane asiye na mtoto. Ndiye aliyekuwa mpikaji wa pombe ya kijiji, na pombe aliyolewa nayo Sekiete siku ya mwisho ilitoka katika mtungi wake. Naye alikuwa mnywaji kama wateja wake. Lakini alipoona bibi kipofu anapita mlangoni pake juu ya machela, aliingia ndani akavunja mitungi yote, mmoja baada ya mwingine, akaacha kupika na akaacha kunywa. Hakuna aliyemshika mkono kumsaidia.

Alisimama uani kwa Sekiete akasema, "Sikuja kukufundisha. Saa hii koo langu linawasha. Nikafikiri na lako linawasha."

"Linawasha," akasema Sekiete.

"Basi twende tukabebe mawe. Ukingo hautajijenga wenyewe."

Wakaenda. Kesho yake alasiri wakaenda tena, na keshokutwa. Nietiwe hakumkemea hata siku moja. Sekiete akisema, "Nitashindwa mimi," Nietiwe humuuliza, "Leo umeshindwa?" Naye hujibu, "Bado." "Basi shika upande ule, tulinyanyue hili."

Mwezi ukaisha bila tone. Namkunda akatuma habari, na Nakijwa akarudi na mkeka wake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Nakijwa alikuta nyumba imefagiliwa na mkono usio wake. Alikuta vyungu vimepangwa kwa namna nyingine. Alipompa mumewe uji, mumewe alionja akasema bila kufikiri, "Wa Namkunda ni mzito zaidi." Nakijwa akameza mate.

Namkunda naye alimwona wifi yake akiingia kama mtu aliyetoka sokoni, akitandika mkeka mahali pale yeye alipofuta matapishi. Naye akameza mate. Alivumilia siku tatu. Ya nne akamsogelea kisimani.

"Wifi, mumeo nimekurudishia mzima," alisema. "Asubuhi ni wako, usiku ni wako. Ila alasiri si wako. Alasiri ni wa Nietiwe."

Neno lile likaingia sikioni, likashuka tumboni, likakaa.

Alasiri Nakijwa alimfuata mumewe. Alijificha kwenye migomba juu ya ndiva. Akawaona wamekaa ukingoni kupumzika, kila mmoja juu ya jiwe lake, na katikati yao ng'ombe angeweza kupita. Akasikia mumewe anasema:

"Asubuhi ile sikuwa nimelala, Nietiwe. Niliyasikia maji. Nilijua ni nini. Nikajifunika shuka kichwani."

Nietiwe hakushtuka. Alisema, "Na mimi nilijua asubuhi una kazi. Nikakujazia kibuyu cha tatu."

Kisha wakainuka kuendelea na mawe.

Nakijwa alirudi nyumbani. Kama angewakuta wamekumbatiana, angejua la kufanya. Angepiga yowe, angekwenda kwa wazee, angeondoka na haki yake mkononi. Lakini hakuwakuta hivyo. Alikuta mumewe amemfungulia mwingine moyo ambao yeye, kwa miaka sita ya kumbeba, hakuwahi kuonyeshwa. Wivu huo hakujua aupeleke kwa nani.

Sekiete aliporudi, Nakijwa alimwambia, "Kesho huendi."

"Mke wangu, hakuna ubaya kati yetu."

"Najua hakuna. Nilikuwa kwenye migomba. Kwa nini umemwambia yeye?"

Sekiete akasema, "Kwa sababu yeye hakunibeba. Wewe nikikutazama, naona mgongo wako."

"Chagua," akasema Nakijwa. "Yule, au mimi."

Sekiete akamchagua mkewe. Alasiri ya kwanza alikaa nyumbani akichonga mpini wa jembe. Alasiri ya pili alichonga mwingine. Alasiri ya tisa mipini ilikuwa tisa na majembe hakuna. Alasiri ya kumi alivuka kilima, akaenda kwa mpikaji wa upande wa pili. Nakijwa akamkuta amelala njiani.

Namkunda alifika, akasimama juu ya kaka yake, akamwambia Nakijwa, "Nilimwinua mimi. Umemwangusha wewe."

"Na neno la kisimani, wifi, lilikuwa la nani?" akauliza Nakijwa.

Wakamshika Sekiete huku na huku, wakambeba hadi nyumbani bila kutazamana.

Alipozinduka, Sekiete alimwambia mkewe, "Kunja mkeka wako. Sitakulaumu." Nakijwa aliutazama mkeka. Kisha akatoka mikono mitupu, akapanda njia ya kwa Nietiwe. Alimkuta anapalilia.

"Dada Nietiwe, mimi sikupendi," alisema.

"Najua."

"Nikikuona tumbo linaniunguza."

"Hilo nalo najua."

"Ameanguka. Njoo nyumbani. Kaa naye mbele yangu au mbali nami, upendavyo wewe. Sitauliza mnasema nini."

Nietiwe aliweka jembe chini. "Sikuja siku zile kumi," alisema, "kwa sababu nami nilikuwa na wivu. Nilisema, kama amemchagua mkewe, basi mkewe na amshike. Nilijua ataanguka, nikakaa." Akajifunga nguo yake, wakashuka pamoja.

Sekiete akaanza upya, siku ya kwanza, jiwe la kwanza. Namkunda alipika uji, Nietiwe alikuja alasiri, na Nakijwa alibaki jikoni akipepeta mahindi yaliyokwisha kupepetwa, asiulize kitu. Ikapita miezi, ukapita mwaka, ikapita miaka miwili. Ukingo ukakamilika. Ukoo ulipokaa tena, yule bibi kipofu ndiye aliyesema wa kwanza, akiegemea fimbo yake: "Mrudishieni ndiva." Wakamrudishia.

Mwaka uleule Nakijwa alijifungua mtoto wa kike.

Sasa, desturi ya watu wale ilikuwa hivi. Mtoto wa kwanza kuzaliwa katika nyumba baada ya balaa hupewa jina linalochaguliwa na mtu aliyeiondoa balaa. Na akikua, mtoto huyo humtunza mwenye jina lake kama mzazi. Siku ya kumtoa mtoto nje, baba yao mkubwa, Mzee Kihedu, aliuliza mbele ya watu, "Sekiete, ni nani aliyekutoa kwenye pombe? Mtaje, naye atutajie jina."

Kabla Sekiete hajafungua kinywa, Namkunda alisimama.

"Baba mkubwa, ni mimi. Mke alikimbia, mpikaji alikuwa bado ananuka machicha, mimi ndiye niliyekuwa ndani. Bila siku zile saba leo mngekuwa mnapalilia kaburi. Posa yangu ilifika mlangoni nikairudisha. Mtoto wa kuniita mama sina, na huenda sitampata. Mtoto huyu aitwe Namkunda. Neno la kisimani nililisema, sikatai. Lakini lilikuwa la kweli."

Nakijwa akasimama na mtoto mgongoni.

"Baba, ni mimi. Mkeka niliokunja ndio uliomfanya atamani kuacha pombe. Na alipoanguka mara ya pili, sikukimbia. Nilikwenda kwa miguu yangu kumleta mwanamke niliyemwonea wivu kuliko wote, nikamweka uani kwangu kila siku miaka miwili. Sekiete aliacha pombe akiwa na watu watatu wa kumsaidia. Mimi nilimeza wivu wangu peke yangu. Mtoto aitwe Namsifu, jina la mama yangu aliyenipokea nilipochoka. Ni kweli nilimwambia achague, na ni kweli alianguka kwa ajili hiyo. Lakini mwanamke gani hapa asingesema vile?"

Watu wakageuka kumtazama Nietiwe. Walidhani atasema haombi kitu. Nietiwe akasimama taratibu.

"Ningeweza kusema sitaki, mkanisifu. Lakini nataka. Hawa wawili walitaka aache pombe kwa ajili yao, mmoja kwa sababu ni kaka, mmoja kwa sababu ni mume. Mimi nilibeba naye jiwe la leo tu, bila kumdai kesho. Pombe iliyomwangusha niliipika mimi, na mitungi niliivunja mimi, na chakula changu kilikuwa ndani ya mitungi ile. Sina mume, sina mtoto. Mtoto huyu aitwe Nietiwe."

Mzee Kihedu akamgeukia Sekiete. Sekiete alimchukua mwanawe mgongoni kwa mama yake, akamshika kifuani. Alimtazama dada yake, akaona zile siku saba. Alimtazama mkewe, akaona njia ya kwenda kwa Nietiwe. Alimtazama Nietiwe, akaona mawe. Na akajua kwamba jina lolote litakalotoka kinywani mwake, wawili kati ya watatu wataondoka na donge ambalo yeye ndiye amewapa, na alasiri ijayo haitakuwa kama ya jana.

Watu wakangoja. Sekiete akavuta pumzi.

Haya, nyinyi mliosikiliza mpaka hapa, mwekeni Sekiete kando, semeni nyinyi. Aliyefunga mlango akakaa ndani, aliyeondoka akarudi na kumleta mwenziwe, na aliyebeba mawe: je, ni nani aliyestahili kumpa mtoto yule jina?