Mtama wa Marehemu Mama yake Bi Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa watoto. Anayesinzia aamshwe, maana mimi sirudii.

Hapo zamani za kale palikuwa na Pimbi. Majani ya majabalini kwao yaliungua yote. Akamfunga mtoto mgongoni, akashuka. Akatembea, akatembea, hata akafika mji wa Tangamano. Masika yalikuwa yananukia, na Pimbi hana paa. Akabisha hapa, pamejaa. Akabisha pale, pamejaa. Mwisho akabisha kwa Bi Kanga, mjane mwenye madoadoa mengi na maneno machache. Bi Kanga akamwonyesha chumba cha uani.

"Kaa, mwanangu. Ila hapa mjini kila mtu na ibada yake. Usizichezee."

Kulipokucha, Pimbi akatoka kuuona mji. Akawakuta Nyati wanajitumbukiza topeni, chubwi, chubwi, kisha wanapiga magoti.

"Mnaoga, wazee wangu?"

"Tunajitakasa."

"Kwa tope?"

"Kwani wewe unajitakasa kwa kitu gani?" Nyati akauliza, naye kashangaa kweli.

Akaenda mbele. Akawakuta Korongo wamesimama kwa mguu mmoja.

"Hamjambo?" Kimya.

"Hamjambo, jamani?" Kimya.

Jua likapanda. Korongo mmoja akashusha mguu, akasema, "Hatujambo, mama. Tulikuwa katika sala. Ulisema kitu?"

Pimbi akacheka peke yake njia nzima. Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Haya, na mji ambao kila mtaa una chongo tofauti, atafumba lipi?

Akarudi na njaa yake. Nje ya mlango wa Bi Kanga akakuta kibakuli cha mtama uliopikwa, kimefunikwa jani. Sasa sikilizeni. Kwao majabalini, chakula kikiwekwa nje ya mlango ni cha mgeni, na mgeni asipokila kamtukana mwenyeji. Pimbi akafurahi. Akala, mnya mnya mnya. Akamlisha na mtoto. Akalamba kibakuli kikang'aa.

Bi Kanga akatoka. Akakitazama kibakuli. 

"Nani kala mtama wa mama yangu?"

"Mama yuko wapi, nimwombe radhi?"

"Alikufa. Leo ndiyo siku ya kumkumbuka."

Pimbi aliona aibu, aibu ile ya kutamani ardhi ipasuke. Jirani yao Kima akachungulia dirishani. "Nilikwambia, Bi Kanga. Watu wa majabali hawana dini. Mtoe."

Na wingu limetanda. Ngurumo, gu gu gu. Bi Kanga akimtoa Pimbi, mtoto atalala mvuani. Angeweza kusema aliyekula ni mtoto. Hakusema.

"Nimekula mimi, Bi Kanga. Kwetu chakula cha mlangoni ni cha mgeni. Sikuuliza, nimekosa. Niambie mama alipenda nini, nimpikie."

 Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumwuliza Bi Kanga habari za mama yake.

"Alipenda mtama wenye ufuta," akasema polepole. "Na kuzungumza. Alizungumza hata na chungu."

Wakaingia jikoni. Pimbi anakoroga, Bi Kanga anahadithia. Nje mvua inamwagika, ndani wanacheka. Mtama ukaiva, ukawekwa mlangoni.

"Na nyinyi wafu wenu mnawalisha nini?" akauliza Bi Kanga.

"Hatuwalishi. Jua likichomoza tunalala kifudifudi juu ya jiwe. Tunawataja majina mpaka jiwe lipate joto."

"Kifudifudi?"

"Kifudifudi."

"Na unene wangu huu?"

Asubuhi mvua ikakatika. Kima akafungua dirisha. Akawaona juu ya jiwe la kufulia: Pimbi, mtoto, na Bi Kanga katandaza mbawa, anamtaja mama yake. Kima alitaka kucheka, lakini akauliza.

"Jamani, mnafanya nini hapo?"

Bi Kanga akajisogeza kidogo. "Panda, nafasi ipo. Marehemu wako anaitwa nani?"

 Kima akashuka, akapanda jiweni, akalala kifudifudi. Akalitaja jina la babaye kwa sauti ndogo.

Basi, funzo ni hili: ibada ya mwenzio usiyoijua, iulize kabla hujaila wala hujaicheka. Kuuliza si ujinga.

Hadithi yangu imeishia hapo juu ya jiwe. Atakaye na aichukue.