Picha za Mzee Pazi na Matanga ya Mwinshehe

Paukwa, mliokaa na mliosimama!

Pakawa!

Hapo zamani za kale ilikuja vita isiyokuwa yetu. Jumbe wa kijiji alitoa wanaume thelathini wakabebe mizigo ya jeshi. Pu, pu, pu, nyayo zikaondoka. Wakarudi tisa.

Mmoja wa wale tisa alikuwa Mzee Pazi. Vitani alimbebea mzungu mmoja sanduku la kupigia picha zinazotembea. Mzungu akafa kwa homa njiani. Sanduku likabaki kwa Pazi, na kulizungusha alishajifunza. Tiri, tiri, tiri. Akawapiga picha wapagazi wenzake.

Aliporudi alikuta jumbe ametangaza kwamba wasiorudi ni watoro. Na desturi ya kijiji kile, mtoro hakaliwi matanga. Bi Siwazuri, mke wa Mwinshehe, mmoja wa wasiorudi, alikuwa hajamlilia mumewe mbele ya watu. Kisimani walimwita mke wa mtoro.

Pazi alikasirika, akafanya kazi. Alichukua debe la mafuta, gurudumu la cherehani mbovu na kioo cha darubini iliyopasuka, akaunda chombo cha kuonyeshea zile picha. Taa hakuwa nayo. Akatoboa ukuta wa ghala, akasimamisha kioo cha kujitazamia nje, kikalirusha jua ndani, likapita katika chombo mpaka kwenye shuka aliyoitundika. Adhuhuri akawaita watu.

Tiri, tiri, tiri. Shukani akatokea Mwinshehe, sanduku la risasi kichwani, akiuburuta mguu wa kushoto kama kawaida yake. Akapiga magoti matopeni. Hakuinuka. Wenzake wakamchimbia kaburi kwa vifuniko vya sufuria.

“Rudisha nyuma, Mzee Pazi,” alisema Bi Siwazuri. “Nimwone akitembea.”

Pazi akazungusha kinyume. Mwinshehe akainuka.

Hapo jumbe akaingia. Akasema picha za vita ni mali ya serikali, akazitoa nje akazichoma. Chwaaa!

“Haya, Pazi, ushahidi wako uko wapi?”

“Wewe ndiye uliyewatoa, jumbe. Wamekufa na mzigo uliowatwisha, nawe unawaita watoro. Waulize hawa wameona nini.”

Watu wakatazama chini. Simwiti jumbe mtu mbaya. Aliogopa barua za wakubwa wake. Lakini woga ule aliwatwisha wafu, na hilo linanichoma mpaka leo.

Bi Siwazuri akaenda kutandika mkeka mlangoni pake, juani. Akakaa peke yake. Kisha, ko, ko, ko, ikasikika bakora. Alikuwa mama yake jumbe. Akaketi kando ya mjane.

“Nimemwona Mwinshehe,” alisema. “Hakutoroka.”

Wakaja wengine, mmoja mmoja, na kila mmoja alisema vile vile. Matanga yakakaliwa siku tatu. Siku ya tatu jumbe naye alikuja, kofia mkononi. Bi Siwazuri akamsogezea nafasi mkekani.

Basi, wenzangu, mtu akifa na mzigo uliomtwisha wewe, usimnyang'anye na jina lake. Hadithi yangu nimeitua hapo. Anayeiweza na aibebe.