Kebo Mbili za Jengo la Upasuaji

Wapendwa, twendeni katika hospitali moja ya mlimani. Msiulize ni ipi. Nimeijenga mwenyewe kwa maneno, ila watu wake mnawajua.

Mafundi wa mtandao walikuwa wawili. Eliakunda alishika jengo la vipimo, Ombeni jengo la upasuaji. Hawakuwa wakisalimiana. Ombeni aliwahi kumsema vibaya dada huyu mbele ya wakubwa, akamkosesha cheo.

Kati ya majengo hayo ilipita kebo moja iliyofukiwa ardhini, ikiunganisha swichi mbili, vile visanduku vinavyogawa mtandao. Picha za wagonjwa zilipita humo kwenda kwa madaktari, nazo zilikuwa zinachelewa. Ombeni, kwa nia njema kabisa, akapitisha kebo ya pili juu ya paa, akaichomeka huku na huku bila kumwambia mwenzake. Mnadhani mwendo uliongezeka? Wapi! Ujumbe ulitoka kwa kebo hii ukarudi kwa ile, ukazunguka na kuzunguka, mpaka mtandao wa hospitali nzima ukakwama.

Mganga mkuu akaja mbio. "Nani amefanya haya?"

Ombeni akainamisha macho. Eliakunda angeweza kunyoosha kidole tu. Ninyi mngefanyaje? Semeni kweli, tuko nyumbani mwa Mungu.

Dada yule akachomoa kebo ya pili, mtandao ukarudi. Kisha akasema, "Tunaongeza njia, daktari. Kazi haijaisha. Kebo zote mbili zinafaa, ila lazima swichi zote mbili ziambiwe kwamba hii ni njia moja. Mimi nitaweka upande wangu, kaka Ombeni aweke wake."

Ombeni akamfuata koridoni. "Dada, mimi nilikuharibia. Kwa nini umenificha?"

"Sijakuficha, kaka. Nakuhitaji. Nikiweka upande wangu peke yake haitashika. Nenda ng'ambo, nitakupigia."

Wakaifanya kazi ile, kila mmoja kwenye swichi yake, simu sikioni, wakielekezana mpaka kebo mbili zikawa kitu kimoja. Picha zikaanza kufika upesi.

Sasa sikilizeni. Baadaye, mama mmoja yuko juu ya meza ya upasuaji, tumbo limefunguliwa, daktari anafuata picha kwenye kompyuta. Nje, katapila linachimba mtaro wa maji. Likaikata ile kebo ya ardhini, kata kabisa! Mafundi wetu wakakimbilia swichi zao, roho mkononi. Wakakuta taa moja imezimika, ya pili inametameta. Mzigo wote ulikuwa umehamia kebo ya paa. Kule ndani daktari hakuinua hata kichwa. Mama yule alipona, akarudi kwake, na mpaka leo hajui lolote.

Na sisi je? Tuna kwaya mbili hapa, tuna vikundi viwili vya akina mama, wote twamtumikia Bwana huyo huyo, na kila mmoja anachomeka ya kwake kimyakimya. Halafu tunashangaa kanisa limekwama! Mimi namsifu dada yule. Hakungoja moyo wake upoe; alimwita aliyemkosea kwa sababu kulikuwa na wagonjwa.

Kuna mtu ameketi benchi la nyuma yako, na hujampa mkono tangu Pasaka. Bado sisemi tusimame tuombe. Kwanza, geuka.