Mikwaruzo Mitano ya Digidigi

Paukwa! Itikieni vizuri, mimi siitikiwi kama mgonjwa. Pakawa! Haya, sasa nasimulia.

Hapo zamani za kale, mvua ilipokuwa bado inaijua njia ya kwetu, Kakakuona alitunza mbegu za wanyama wote. Mguu wake wa mbele ulikuwa na makucha makubwa matatu, basi kila hesabu yake ilikwenda kwa tatu. Kila shamba lilikuwa na matuta tatu mara tatu. Kila tuta lilikuwa na mashimo tatu mara tatu mara tatu. Shimo moja, mbegu moja.

Mwombaji alitakiwa kuonyesha hesabu ya mbegu za shamba zima: alichora tatu kwenye kibuyu chake, kisha begani kwa hiyo tatu akakwaruza mkwaruzo mmoja kwa kila tatu inayozidishwa. Matuta mikwaruzo miwili, mashimo ya tuta mikwaruzo mitatu. Mwalimu wangu aliiita vipeo. Mimi niliishia darasa la sita, lakini kwa hili nilimtangulia. Aliyekosea alirudi na kibuyu kitupu hadi mvua za mwaka mwingine.

Akaja Nyani, kifua mbele. Mikwaruzo miwili mara mitatu ni sita, akakwaruza sita.

"Mashimo hayo huna," Kakakuona akasema. "Mbegu nyingine ulitaka kuzitafuna. Nenda."

Akaja Fisi, anacheka. Mikwaruzo alipatia, mitano, lakini alisema tatu mara tatu ni tisa, akachora tisa chini yake.

"Hiyo tisa umeiokota wapi, bwana? Shambani kwako kuna tatu tu. Nenda."

Akaja Digidigi, mjane mwenye watoto watatu na chungu kikavu. Nyani akamwambia arudi tu, wakubwa wameshindwa. Digidigi akakipakata kibuyu chake. Alifumba macho, akamkumbuka mama yake akiinama shambani, harufu ya udongo uliolowa, na ule wimbo wa kupandia. Akaimba polepole:

"Tatu, tatu, ndiyo matuta. Tatu, tatu, tatu, ndiyo mashimo."

Akazihesabu tatu za wimbo wote, moja moja. Zilikuwa tano. Akachora tatu, akakwaruza mitano.

Kakakuona akakipokea kibuyu, akaigusa mikwaruzo mmoja mmoja kwa ukucha.

"Wimbo huo nani alikufundisha, mwanangu?"

"Mama, babu. Alikuwa akiuimba akipanda."

"Aliuimba hapa mlangoni pangu, nawe ukiwa mgongoni mwake." Akakijaza kibuyu kwa mkono wake mwenyewe. Digidigi akapanda siku ileile, na mvua ikamkuta akifukia shimo la mwisho. Mwaka uliofuata Nyani na Fisi walikwenda kwake kujifunza kuimba.

Mimi wimbo huo niliimbiwa na mama yangu, tukipanda mtama. Siku mwalimu alipoandika vipeo ubaoni, wenzangu walizidisha mbili kwa tatu. Mimi nikaimba. Nilichapwa kwa kelele, lakini jibu lilikuwa tano.

Hadithi yangu imeishia hapo. Jembe la mama bado liko nyuma ya mlango, na mpini wake nimekataa kuubadilisha.