Duka la Pili

Kwa miaka kumi na minane, aliyetaka msumari mtaani hapo alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa la mjane mmoja ambaye mafundi walimbandika jina la Mama Misumari, kwa bidhaa zake na kwa ulimi wake. Alifungua alipojisikia, na bei aliipanga kwa kuutazama uso wa mnunuzi. Bawaba zilishika kutu ndani ya makasha, na aliyelalamika aliambiwa akatafute mpya mjini, safari ya nusu siku. Hakuna aliyekwenda. Mama aliyachukulia hayo kuwa ni mapenzi.

Ndipo mgeni mmoja alipokodi jengo lililomkabili, akapaka kuta rangi, akaandika bei ya kila kitu kwenye kibao mlangoni. Saruji yake ilikuwa rahisi, na ndoo za rangi vilevile. Kufumba na kufumbua, wateja wakahamia kwake. Wiki ya kwanza Mama alicheka. Wiki ya tatu alikaa nyuma ya meza tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kuuza hata kitasa kimoja. Binti yake alikuwa chuoni, mwaka wa pili, na masomo yake yote yalisimama juu ya duka lile. Mama akaanza kukosa usingizi.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alimletea dawa ya mkato. Iandikwe barua kwa halmashauri kwamba jengo la mgeni halifai kwa biashara, zikusanywe saini za mafundi, afungiwe. Mama akakubali. Alianza na fundi bomba, mteja wake tangu siku duka lilipofunguliwa.

Fundi bomba aliisoma barua hadi mwisho, akaikunja, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Mama, nakuheshimu, ndiyo maana siwezi kukudanganya," alisema. "Hatukuwa tunakupenda. Hatukuwa na pa kwenda."

Maneno yale yalimkata maini. Siku nzima aliyatafuna kwa hasira; jioni yakageuka aibu. Kulipokucha alipiga moyo konde, akavuka barabara na kuingia duka la mgeni kama mnunuzi yeyote. Aliona mengi ya kumtia wivu: bidhaa zimepangwa zikapangika, wahudumu wanasalimia watu. Lakini pia alimwona seremala akiomba bawaba za mlango mzito, na mhudumu akimpa za kabati. Mama hakuweza kujizuia. Alimweleza seremala kwamba mlango ungeng'oka kabla ya mwezi kwisha, akamtajia bawaba zinazofaa na kumwambia kwamba yeye anazo.

Mwenye duka alikuwa nyuma yake, amesikia yote.

"Itabidi nijifunze, mama," alisema kwa utulivu.

"Basi wahi," Mama akajibu, "maana mimi naanza leo."

Akajifunga kibwebwe kweli. Barua aliichana, na shemeji akamnunia mwezi mzima. Bawaba zenye kutu zilikwenda jalalani. Alibandika bei ukutani, moja kwa wote, akaanza kufungua kabla ya mafundi kwenda kazini. Saruji aliiacha, kwa kuwa hapo hakumweza jirani. Akajaza vitasa, bawaba na koki za kila aina, na hakuna aliyetoka bila kuelezwa namna ya kukifunga alichonunua. Jirani naye hakulala. Mama alipopunguza bei ya koki, yeye alipunguza ya mabomba, na mafundi wakachekelea.

Habari zikasambaa. Mafundi wa mitaa ya mbali waliona hakuna haja ya kwenda mjini ilhali hapa kuna maduka mawili ya kulinganisha. Mchomeleaji akahamia hapo karibu, kisha muuza vioo. Binti aliporudi likizo alikuta dukani hapana pa kuweka mguu, akalazimika kuvua viatu vya safari na kuhudumia watu. Mama aliuza mwaka ule zaidi kuliko mwaka wowote aliokuwa peke yake.

Muuza vigae alipokuja kutafuta chumba, Mama Misumari mwenyewe ndiye aliyemtembeza, akamwonyesha hata chumba kisichovuja. Alikuwa amejionea kwa macho yake: mgeni njoo, mwenyeji apone.