Kiwango cha Kuanzia

Wapendwa, katika hospitali moja ya wilaya alikuwapo fundi wa mtandao, na asubuhi ninayoisema alikuwa akitokwa jasho mbele ya seva yake. Mwashi mmoja alikuwa ameanguka kutoka juu ya jengo, na damu ilikuwa ikivujia ndani ya kichwa. Picha za kichwa zilikwisha kupigwa. Zilitakiwa zimfikie daktari bingwa mjini, naye ndiye aamue: apasuliwe papo hapo, au apakiwe kwenye gari la wagonjwa, safari ya nusu siku ambayo huenda asiimalize.

Picha zilikuwa zikidondoka kama maji ya bomba bovu.

“Fundi,” bingwa alisema kwenye simu, “huo mkongo wenu mpya wa intaneti mliutandaza au mliuchora?”

Mke wa mwashi alisimama mlangoni, mtandio ameukunja mkononi. “Kaka, zimefika?”

“Zinakwenda, mama.”

“Sikuuliza kama zinakwenda.”

Fundi alijua mkongo ni mzima, aliupima mwenyewe. Sasa tatizo nini? Ghafla akakumbuka. Mashine inayotuma haimwagi mzigo wote kwa pamoja. Huanza na vipande vichache, husubiri upande wa pili ujibu kwamba vimefika, kisha huongeza maradufu, na tena maradufu. Ni tahadhari njema. Lakini kiwango cha kuanzia kiliwekwa enzi za mnara wa zamani wa mawasiliano, wakati ambapo mvua ikinyesha nusu ya mzigo ilipotea njiani. Mkongo ulikuja, njia ikawa pana, na hakuna aliyekumbuka kukibadilisha. Kwa hiyo kila picha ilianza upya kwa woga uleule, ikaisha kabla mashine haijashika kasi.

Akakipandisha kiwango, si kwa pupa, bali kadiri njia mpya ilivyoweza kubeba. Akatuma tena.

Zikamiminika.

“Ngoja, ngoja, zinakuja zote,” bingwa alisema. “Hapana, usingoje, lete. Lete. Naiona damu ilipo. Msimsafirishe. Mwingizeni chumba cha upasuaji sasa hivi, nitamwelekeza daktari wenu.”

Wauguzi wakakikimbiza kitanda, na fundi naye akawafuata mbio bila kujua kwa nini, akicheka peke yake. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji wakasimama kidogo ili mke aseme neno. Mwashi alikuwa bado anasikia. Mke akainama.

“Pole,” akasema. Kisha akasubiri ajibiwe.

“Asante,” mume akasema.

Mlango ukafungwa.

Fundi akaacha kucheka. Miaka yote ya ndoa mwanamke huyu amekuwa akijibiwa na mtu yule yule, na bado alianza na neno moja, kama ile mashine.

Mnataka kujua kama mwashi alitoka. Alitoka. Na alipofumbua macho, mke wake alisema yote kwa mkupuo: watoto, hofu, na ule ukuta wa jikoni aliomcheka siku zote kwamba umepinda, kumbe anaupenda kuliko kuta zote alizojenga. Muuguzi akamwambia, “Mama, taratibu, mgonjwa amechoka.”

“Mwache,” mgonjwa akasema.

Na sisi je? Kiwango chetu cha kuanzia tulikiweka lini? Ni mvua gani ya zamani iliyopoteza neno letu, hata leo tunawapimia watu wetu kwa kijiko? Wamekwisha kutujibu mara ngapi? Mungu mwenyewe ametujibu mara ngapi, nasi kila asubuhi tunamwendea kama wageni? Tahadhari si dhambi. Dhambi ni kuiogopa bado njia ambayo Mungu amekwisha kuipanua.

Yule mke alifunguliwa mlango mara ya pili. Wapo waliobaki nje ya mlango huo na maneno yao yote. Nendeni nyumbani, mkaseme.